Kusomana kwa Mifumo: Historia Fupi ya Tovuti, Malipo na Wasita-kati katika Biashara ya Mlima Kilimanjaro

Katika maneno ambayo Kiswahili cha Tanzania kimeyapata tangu karne hii ianze, liko moja listahililo kuangaliwa na wanachuoni wa lugha, nalo ni kusomana kwa maana yake mpya. Viongozi wa serikali wasemapo kwamba mifumo ya idara mbalimbali lazima isomane, hawana maana ya watu wawili waliokaa pamoja, kila mmoja akimsoma mwenziwe. Wana maana kwamba mtambo wa kompyuta wa idara moja uweze kuchukua habari kutoka mtambo wa idara nyingine bila karani kuzinakili kwa mkono. Neno lenyewe laonekana kuzaliwa vinywani mwa watu wa ofisi kuliko katika orodha za istilahi, na huenda ndiyo sababu limeenea upesi.

Kiambishi cha mwisho cha kitenzi hicho, kama ajuavyo kila mwanafunzi wa sarufi, chadai pande mbili. Wapiganao, kila mmoja apiga naye apigwa. Wapeanao, kila mmoja atoa naye apokea. Je, mifumo isemwayo kwamba yasomana, yasomana kweli? Makala haya yakusudia kulitazama swali hilo kwa njia ya historia, na katika mahali pamoja tu, yaani Moshi na miteremko ya Kilimanjaro. Huko, kwa muda wa miaka ishirini na zaidi, makampuni ya kupandisha wageni mlimani yamekuwa yakifungua tovuti, kuzifundisha kufanya kazi zenyewe, na kuziunganisha na mitambo ya watu wengine: ya malipo, ya kalenda, ya barua, ya sifa za wateja.

Tumeichagua Moshi kwa sababu biashara yake ina tabia ya pekee. Mnunuzi yuko ng'ambo ya bahari, muuzaji yuko mlimani, na fedha hutolewa kabla ya wawili hao kuonana uso kwa uso. Tena kitu kiuzwacho si mali ya muuzaji. Mlima ni wa taifa, na ruhusa ya kuupanda hutolewa na wengine. Kwa hiyo tangu mwanzo biashara hii imehitaji mtu wa kati.

Mtu wa kati wa kwanza tumjuaye kwa jina katika habari zilizoandikwa ni Bwana Kheri, kiongozi wa misafara kutoka pwani, aliyempeleka mmisionari Johannes Rebmann Uchaggani mwaka 1848, safari ambayo Rebmann aliiona theluji ya Kibo. Bwana Kheri ndiye aliyejua njia, lugha, na zawadi iliyompasa kila mtawala. Misafara ya siku zile ilitozwa hongo, na hapa yafaa tusimame kidogo, maana neno hili limegeuka sana. Hongo ya wakati ule haikuwa rushwa. Ilikuwa malipo ya kupita katika nchi ya mtu, yaliyojulikana na kutarajiwa, ingawa kiasi chake kilikuwa jambo la kubishaniwa siku nyingi chini ya mti. Aliyelipa alipewa njia, maji na ulinzi. Charles New, aliyefika penye theluji mwaka 1871, aliporudi Moshi mwaka 1875 alinyang'anywa mali yake kwa Mangi Rindi, ambaye Wazungu walimwita Mandara, naye akafa akiwa njiani kurudi pwani. Habari hiyo yaonyesha upande wa pili wa hongo: mwenye mlango aliweza kubadili masharti wakati wowote, na mpitaji hakuwa na pa kushitaki.

Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walipofika kileleni tarehe 6 Oktoba 1889, walikuwa wamepita Marangu kwa ridhaa ya Mangi Marealle. Simulizi za Marangu zamtaja Yohani Kinyala Lauwo kuwa kiongozi wao. Reli ya kutoka Tanga ilipofika Moshi mwaka 1911, safari ya majuma ikawa ya siku chache, na baadaye hoteli za Marangu zikashika kazi ya kupanga upandaji. Mgeni aliandika barua, hoteli ikajibu, wapagazi wakatafutwa vijijini. Mtindo huo wa barua ulidumu muda mrefu kuliko watu wengi wanavyodhani.

Lakini kabla ya kuzifikia tovuti yatupasa kuutazama mfongo, kwa kuwa humo ndimo Wachagga walimojifunza, kabla ya mtambo wowote, maana ya kuunganisha kitu chako na kitu cha wengine. Mfongo ni mfereji wa kupeleka maji kutoka kijito kilicho juu, mara nyingi msituni, hadi kwenye vihamba vya chini. Iko mamia ya mifongo katika miteremko ya kusini na mashariki, na wasafiri wa karne ya kumi na tisa waliistaajabia kwa ustadi wa kuongoza maji pembezoni mwa makorongo. Mfongo hauwezi kuwa wa mtu mmoja. Lazima upite katika ardhi ya jirani, na jirani wa jirani. Ukoo uliouchimba ulikuwa na heshima yake na matambiko yake, wala hapakuwa na aliyepata maji pasipo kushiriki katika kuusafisha. Zamu zilihesabiwa kwa sehemu za siku. Penye haja ya kungoja, maji yalitunzwa katika bwawa liitwalo nduwa. Asiyefika kazini alitozwa. Mtu wa chini alimtegemea wa juu kwa maji, lakini wa juu naye alimhitaji wa chini, kwa mikono yake siku ya kuzibua, na kwa ushahidi wake ugomvi ulipotokea. Hapo kiambishi cha kutendana chastahili kabisa. Kila mmoja aliweza kupanda kwa miguu hadi penye chanzo na kuona kwa macho yake nani amefungua na nani amefunga.

Mfano wa pili wa Moshi ni wa kahawa, nao ni mgumu zaidi. Mwaka 1925 wakulima Wachagga, akiwamo Joseph Merinyo, waliunda Kilimanjaro Native Planters Association, na mwaka 1933 mahali pake pakachukuliwa na chama kikuu cha ushirika kijulikanacho kwa herufi KNCU. Shabaha ilikuwa kumwondoa dalali: kahawa ya wakulima wadogo wengi ikusanywe, ipimwe, iuzwe kwa jina moja, na fedha zirudi kwa mkulima. Ni kazi ya kuunganisha. Hata hivyo, baada ya muda mfupi amri ya utawala wa wenyeji ilitaka kahawa yote ya Wachagga ipitie mfereji huo mmoja, hata ya yule asiyetaka. Bei ziliposhuka, mkulima aliona analazimishwa kuuza mahali asipoweza kuhakiki hesabu. Mwaka 1937 fujo zilizuka, maghala ya vyama yakashambuliwa, na serikali ikatumia nguvu kuzituliza.

Wanahistoria wengine wameieleza fujo hiyo kama ugomvi wa mamangi na wapinzani wao, na bila shaka hayo yalikuwamo. Kwa maoni yetu, hata hivyo, kiini kimoja ni cha kusoma na kusomwa. Chama kilikijua kila kihamba: idadi ya mibuni, uzito wa gunia, deni la dawa. Mkulima hakukijua chama kwa kadiri hiyo. Karatasi aliyopewa kwenye mzani ilikuwa na tarakimu, lakini haikusema kahawa yake iliuzwa wapi wala kwa nani. Mambo hayo yalitengenea baadaye, KNCU ikawa chama chenye sifa katika Afrika nzima, ikavunjwa pamoja na vyama vingine vikuu mwaka 1976, ikarudi miaka ya 1980. Lakini lile swali la 1937 halikwenda na maghala.

Habari za kompyuta zenyewe katika nchi yetu zaweza kuelezwa kwa maneno machache. Ya kwanza, ya aina ya ICT 1500, iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mwaka 1974, baada ya hasara na matatizo ya mitambo ya hesabu hapo Hazina, serikali ilizuia kuingizwa kompyuta nchini, na kizuizi hicho kilidumu takriban miaka kumi. Katika muda huo Kilimanjaro ilitangazwa kuwa Hifadhi ya Taifa mwaka 1973, ikafunguliwa kwa wageni mwaka 1977. Mwaka 1987 ikaingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Basi wakati mlima ulipopata lango na daftari la serikali, daftari hilo lilikuwa la karatasi, na hapana aliyewaza vinginevyo.

Intaneti iliingia Tanzania katikati ya miaka ya 1990, na kufikia mwaka 2000 vilikuwapo mjini Moshi vibanda ambamo mtu alilipia dakika za kusoma barua zake. Tovuti za kwanza za makampuni ya mlima zilikuwa kama mabango ya dukani: picha ya Kibo, majina ya njia za Marangu, Machame, Rongai, Umbwe na Lemosho, bei, na anwani ya kuandikia. Mgeni akiandika, mtu alijibu. Kalenda ilikuwa ukutani. Fedha zilipelekwa kwa hawala ya benki, na muuzaji alikwenda benki kuuliza kama zimefika. Kwa hiyo tovuti ilikuwa imeifupisha barua ya zamani ya hoteli za Marangu, lakini haikuibadili. Waya za chini ya bahari zilizofika Dar es Salaam kuanzia Julai 2009 ndizo zilizofanya mambo mengine yawezekane, kwa kuwa mtambo usemao na mtambo mwingine hauvumilii mtandao wa kusitasita kama mtu avumiliavyo.

Jambo lingine lililosaidia ni programu za kujengea tovuti zitolewazo bure, hasa WordPress, iliyotoka mwaka 2003. Ubora wake haukuwa katika programu yenyewe tu, bali katika vipande vidogo vilivyoandikwa na wengine, ambavyo mwenye tovuti aliweza kuvipachika apendavyo. Kiswahili kimeviita programu-jalizi, kwa kitenzi kujaliza, na sisi twaliona jina hilo kuwa zuri: kipande hujaliza kilichopungua. Kijana wa Moshi aliyejifunza kazi hii aliweza kuongeza fomu ya kuweka nafasi, kalenda, orodha ya bei kwa sarafu mbalimbali, pasipo kuandika mstari hata mmoja wa programu.

Na tuufuate mkondo mmoja, ili msomaji asiyefanya kazi hii aone jinsi unavyopita. Mtu wa Hamburg ataka kupanda kwa njia ya Machame mwezi wa Septemba. Usiku, Moshi imelala, afungua tovuti na kujaza fomu. Fomu yaiuliza kalenda kama tarehe hizo zina nafasi; kalenda hiyo huenda haimo katika tovuti, bali katika kompyuta ya kampuni ya kigeni. Jibu larudi. Mtambo wa barua, wa kampuni nyingine, wampelekea mgeni barua yenye jina lake na orodha ya mavazi. Akubalipo kulipa, apelekwa kwenye ukurasa wa kampuni ya malipo, ambako aandika namba za kadi. Muuzaji wa Moshi hazioni namba hizo, na ni heri asizione. Kampuni ya malipo yaiuliza benki ya mgeni, benki yakubali, kisha kampuni hiyo yapeleka taarifa ya siri kwa tovuti kwamba fedha zimelipwa. Taarifa hiyo ndiyo uti wa mgongo wa kazi yote. Tovuti ikiipata, yaandika nafasi kuwa imeshikwa, yapunguza idadi katika kalenda, yatoa hati ya madai ya salio. Baada ya safari, mtambo wa barua waomba mgeni aandike sifa, nazo zaonyeshwa pembeni mwa tovuti kutoka TripAdvisor, kampuni ya Kimarekani iliyoanzishwa mwaka 2000.

Haya yote yatendeka kwa dakika, mwenye kampuni akiwa usingizini. Faida yake si ndogo. Kampuni ya watu watatu katika chumba kimoja mjini yaweza kumjibu mgeni upesi sawa na kampuni kubwa ya Ulaya, na kabla ya mambo haya mgeni wa namna hiyo angalinunua kwa wakala wa London, ambaye angalibaki na sehemu nono ya bei. Wale wasemao kwamba mitambo hii ni utumwa mtupu hawajakaa na mtu aliyepoteza wateja kwa sababu barua ilichelewa siku mbili.

Lakini msomaji na ahesabu waliopo katika mkondo huo. Kalenda ni ya mmoja, barua ni za wa pili, malipo ni ya wa tatu, sifa ni za wa nne. Kila mmoja amempa mwenye tovuti ufunguo, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu ambao tovuti huuonyesha kila iombapo jambo. Mwenye kutoa ufunguo aweza kuuzima. Aweza pia kubadili mlango wake, na tovuti isiyofuata mabadiliko hayo hunyamaza. Fomu yaonekana kufanya kazi, mgeni abonyeza, wala hapana kifikacho. Hilo ndilo kosa baya kuliko yote katika kazi hii, kwa sababu halina kelele. Mfongo ukikauka, jirani hupiga yowe.

Upande wa fedha Afrika Mashariki ilikuwa na njia yake yenyewe, isiyotoka Ulaya wala Marekani. M-Pesa ilianza Kenya mwezi wa Machi 2007, ikaja Tanzania mwaka 2008, na makampuni mengine ya simu yakafuata na huduma za namna hiyo. Mwanzoni fedha za mtandao mmoja hazikuweza kuingia katika mtandao mwingine. Kuanzia mwaka 2014 makampuni ya Tanzania yalianza kupatana juu ya kupokeleana fedha. Kwa mchunguzi wa lugha, huduma hizi ni hazina. Hazikusubiri istilahi. Zilichukua wakala, neno la biashara ya kale. Zikachukua salio, kutokana na kusalia. Zikachukua muamala, neno la Kiarabu lililotumiwa na mafakihi kwa shughuli za kuuza na kununua, nalo leo lafika kwenye simu ya mkulima wa Kibosho mara tatu kwa siku. Lipa Namba ni jina lililopangwa kinyume cha sarufi ya mwalimu, lakini hapana mtu wa sokoni alikoseaye maana. Kabla yake, katika miaka ya 1990, shirika la umeme lilikuwa limekwisha kuonyesha njia kwa LUKU, yaani Lipa Umeme Kadiri Utumiavyo, herufi nne zilizogeuka kuwa neno kamili. Serikali nayo ilitoa neno lake Julai 2021, ilipoweka tozo za miamala. Malalamiko yalikuwa makubwa hata viwango vikapunguzwa kwa asilimia 30 mwezi wa Septemba mwaka uleule, na kupunguzwa tena baadaye. Katika mabishano ya siku hizo watu walisikika wakiuliza tozo ni ya nini, yaani mpitaji apewa nini badala yake. Ni swali lilelile la msafara na hongo.

Kuunganisha tovuti na mitambo hii ya simu kulihitaji mlango ulio wazi kwa waandishi wa programu. Huko Kenya, Safaricom ilifungua mlango wa namna hiyo mwaka 2017 na kuuita Daraja. Jina hilo twalisifu. Wataalamu wa istilahi walikuwa wamekwisha kutoa kiolesura kwa mahali pa kukutania mitambo miwili, na neno hilo halina kosa katika kamusi, ila fundi wa Moshi hulisoma tu, halisemi. Daraja alisema mara moja, na aelewa kwamba kuna ng'ambo.

Mwaka huohuo wa 2017 ndio uliobadili lango la mlima. Fedha taslimu zilikuwa zimekwisha kukataliwa langoni na kadi kukubaliwa. Sasa Wizara ya Fedha ilileta mfumo mmoja wa malipo ya serikali, ujulikanao kwa herufi GePG, na sheria ikazitaka taasisi za umma kuutumia. Tangu hapo anayetaka kulipa ada ya hifadhi huomba kwanza namba ya kumbukumbu ya malipo, yenye tarakimu 12. Watu hawaiiti hivyo. Huiita kontroli namba, na nimesikia pia namba ya serikali. Namba hiyo hulipiwa benki au kwa simu, na lango hupata habari bila mlipaji kuonyesha karatasi. Mwaka uliofuata Idara ya Uhamiaji ilianza kutoa viza kwa njia ya mtandao. Kwa mtazamo wa mgeni, safari yote kutoka Hamburg hadi lango la Machame yaweza sasa kulipiwa bila noti hata moja kuguswa.

Hapa ndipo twaweza kulirudia swali la kiambishi. Mfumo wa serikali waisoma kampuni: jina lake, leseni yake, kodi yake, idadi ya wageni. Kampuni yasoma jambo moja tu kutoka mfumo huo, kwamba namba imelipwa au haijalipwa. Kampuni ya kigeni ya malipo yasoma nani anunua, wapi, kwa kiasi gani, mwezi upi. Muuzaji wa Moshi asoma fungu lililobaki baada ya kukatwa ada. Mtambo wa sifa wawajua wateja wa makampuni yote ya Moshi kwa pamoja, na hakuna kampuni iwezayo kuujua mtambo huo unavyopanga nani awe juu na nani awe chini. Hiyo si kusomana. Sarufi ingalitaka tuseme kusomwa, na mara moja moja kujibiwa. Hatusemi kwamba viongozi walitumia neno kwa udanganyifu. Kati ya idara na idara, ambako ndiko lilikozaliwa, hali yaweza kuwa ya kutendana kweli. Twasema kwamba neno limebebwa kutoka mahali palipo na usawa hadi mahali pasipo na usawa, nalo limefika huko na harufu nzuri ya lilikotoka.

Sheria imejaribu kuleta maneno makali zaidi. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, yamtofautisha mkusanyaji wa taarifa na mchakataji wake, na wote wawili watakiwa kujisajili. Kwa lugha ya sheria hiyo, kampuni ya Moshi yenye fomu ni mkusanyaji. Mwenye mtambo wa barua ni mchakataji. Kuchakata ni kitenzi cha mashambani: watu wa njia ya reli kutoka Moshi kushuka Tanga wamekijua tangu zamani kwa mkonge, ambao hupondwa mpaka nyuzi zibaki na maji yatoke. Sijui kitenzi kingine cha Kiswahili ambacho kingeeleza vyema zaidi jambo lipatalo jina na tarehe za mgeni wa Hamburg zikisha kuingia katika mitambo. Kadhalika vidakuzi, vile vijifaili ambavyo tovuti huacha katika kompyuta ya msomaji. Hapana Mswahili asiyesikia humo udaku.

Neno ambalo halijapata makao ni lile la mtu wa tatu. Katika sheria za mikataba latumika bila taabu. Katika bima ya magari watu walikwisha kulikimbia, wakasema bima ndogo na bima kubwa. Katika tovuti, mafundi husema mfumo wa nje, na twadhani ni bora, kwa kuwa lataja mahali na si hesabu. Mtu wa tatu hudhaniwa kuwa mmoja, na tumekwisha kuona kwamba ni wengi. Msita-kati, tulilolitumia katika kichwa cha makala haya, lina faida ya kukumbusha dalali wa kahawa, lakini labeba lawama ambayo kila mfumo wa nje haustahili.

Mwezi wa Agosti 2022 shirika la simu la taifa lilifikisha intaneti ya kasi hadi Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, na Desemba mwaka huo ikatangazwa kufika kilele cha Uhuru, mita 5,895. Mgeni sasa aweza kuandika sifa zake akiwa juu ya kilele, na tovuti ya Moshi ikazionyesha kabla hajaanza kushuka. Yuko mmoja, hata hivyo, ambaye hakutajwa popote katika mkondo tuliouonyesha, si katika fomu, si katika kalenda, si katika taarifa ya siri ya malipo: mpagazi. Mgeni alipa bei moja. Ujira wa mpagazi umo ndani yake kama maji yamo ndani ya ndizi, wala mtambo hauutenganishi. Wapagazi wenyewe hujiita wagumu. Mzigo wa mgumu hupimwa kwa mzani langoni, usizidi kilo 20, kwa macho ya askari wa hifadhi. Ujira wake haupimwi pale. Tangu mwaka 2003 lipo shirika mjini Moshi, Kilimanjaro Porters Assistance Project, ambalo watu wake huwauliza wapagazi baada ya kushuka: ulilipwa kiasi gani, ulikula mara ngapi, ulilala katika hema la namna gani. Majibu huandikwa, hulinganishwa na yale kampuni isemayo, na makampuni yatimizayo masharti hutajwa hadharani. Kazi hiyo hufanywa na watu wanaouliza watu, kwa Kiswahili, na kwa kadiri tuwezavyo kuona ndiyo sehemu ya biashara ya mlima ambamo aliye chini husoma kidogo habari za aliye juu.